Mwalimu Mkuu: Kirangozi au Mnyapara?

Reli ya Kati, ikishaiacha Kaliua, hupenya katika miombo mpaka Usinge, kisha huendelea kuelekea Mto Malagarasi na Kigoma. Kabla reli hiyo haijafika Kigoma mwaka 1914, nchi hii ilivukwa kwa miguu. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika Tabora, na kutoka hapo mingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, mingine ikashika njia ya magharibi kwenda Ujiji. Waingereza Richard Burton na John Speke walipita upande huu mwishoni mwa mwaka 1857 na mwanzoni mwa 1858 wakilitafuta Ziwa Tanganyika, na mizigo yao ilibebwa mabegani mwa watu kama ilivyobebwa mizigo ya kila mfanyabiashara.

Wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, nao hawakuswagwa njiani kama ng'ombe. Walikuwa na taratibu zao. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kujua njia na mahali yalipo maji, wala hapakuwa na mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Pamoja naye walikuwako wanyampara, wazee wa makundi. Hao ndio waliosuluhisha ugomvi wa kambini, waliowaangalia wagonjwa na waliobaki nyuma, na waliowasemea wapagazi wao mbele ya mwenye mali. Neno mnyampara, katika asili yake ya Kinyamwezi, lilikuwa neno la heshima, neno la mzee.

Neno hilo limepatwa na nini? Yakaja mashamba makubwa ya wageni, zikaja barabara za kulazimishwa, yakaja magereza. Na mnyampara akageuka kuwa mnyapara, yule asimamaye juu ya wafanyakazi wenzake ameshika fimbo. Wasomaji wetu waliofanya kazi mashambani na bandarini hawahitaji kuelezwa zaidi. Katika muda wa maisha ya watu wawili, mlezi wa msafara aligeuka msimamizi wa adhabu, na neno likabaki lile lile ila herufi moja.

Tumelileta neno hili kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya walimu wakuu wa shule za msingi na wakuu wa shule za sekondari, hasa wale wa sehemu kama Usinge, mbali na makao makuu ya mkoa. Kila mmoja wao amerithi msafara. Swali ni kwamba amerithi mnyampara yupi.

Siku hizi wataalamu wa elimu wana jina maalumu kwa jambo tunalokusudia. Huliita mafunzo ya hisia na mahusiano. Nchini Marekani, ambako jina hilo lilipewa nguvu na shirika lililoundwa mwaka 1994, hulieleza kwa mambo matano: mtoto ajitambue, aweze kuitawala hasira na hofu yake, atambue hali ya mwenzake, ajue kuishi na watu, na aamue mambo kwa kujali matokeo. Mzee yeyote wa Unyamwezi akisomewa orodha hiyo atauliza kama hao wataalamu wamesahau kulitaja neno utu. Na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo tusiwacheke haraka, kwa maana wamefanya kazi moja ambayo sisi hatukuwa tumeifanya: wamepima. Mwaka 2011 ilitolewa hesabu iliyokusanya mipango 213 ya namna hii, yenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Ilionekana kwamba mtoto wa wastani aliyelelewa hivyo alipanda hata katika masomo ya kawaida. Yaani mwanafunzi aliyekuwa wa hamsini katika wenzake mia aliwapita wengine kumi na mmoja. Basi wanaodhani kwamba malezi ni anasa inayokula saa za hesabu na kusoma wana jambo la kujibu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nako kumepimwa. Mwaka 2022 mpango uitwao ALiVE ulipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar, ukawapima vijana zaidi ya 45,000 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Hawakuulizwa tarehe za vita wala majina ya mito. Walipimwa kujitambua, kushirikiana, kuheshimu wengine na kutatua matatizo. Wenye kupima hawakutumia maswali ya Ulaya yaliyofasiriwa, bali kwanza waliwauliza wazazi, walimu na vijana wenyewe maneno kama heshima yana maana gani kwao. Huo ndio mwendo unaofaa.

Lakini tuje Usinge.

Mtoto anayeingia darasa la kwanza katika sehemu hizi hatoki katika nyumba za namna moja. Yuko Mnyamwezi mwenyeji. Yuko Mha aliyekuja kwa kazi ya tumbaku. Yuko Msukuma ambaye wazazi wake walihama na mifugo wakitafuta malisho. Katika wilaya hii hii ya Kaliua, iliyogawanywa kutoka Urambo mwaka 2012, ipo Ulyankulu, walikokaribishwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 miongoni mwa wakimbizi hao na watoto wao, katika makazi ya Tabora na Katavi. Mkoa wa Tabora wenyewe ulikuwa na watu wapatao milioni 2.3 katika hesabu ya 2012, na mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 3.4. Mwalimu wa darasa la kwanza anasema Kiswahili, na mbele yake wamekaa watoto ambao nyumbani wanasema Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha au Kirundi. Mtoto wa miaka sita asiyeielewa lugha ya mwalimu haoni aibu tu, bali huingiwa na hofu, na hofu hiyo ikikaa muhula mzima hugeuka utoro. Tena utoro hauandikwi kuwa hofu. Huandikwa utoro.

Kuna wakati jambo hili liliangaliwa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi katika mikoa kadhaa, Tabora ikiwamo, kuanzia mwaka 2014 mpaka 2020, ulianzisha madarasa ya Utayari wa Shule. Mtu wa kijijini aliyechaguliwa na wenyeji alikaa na watoto kwa majuma kadhaa kabla ya darasa la kwanza, akawasomea hadithi, akawaimbisha, akawazoeza Kiswahili na kukaa na wenzao. Mpango huo huo ulikuwa na vikundi vya wanafunzi vilivyoitwa JUU, yaani Jiamini Uwezo Unao. Jina zuri. Tunataja haya kwa sababu kila mpango wa wafadhili una mwanzo na mwisho, na unapokwisha hubaki mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuamua kama kikundi cha JUU kitaendelea kukutana chini ya mwembe au kitakufa. Mtu huyo ni mwalimu mkuu. Haihitaji fungu la fedha kuwaruhusu watoto kukutana.

Burton aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba alitembea na kipembe kidogo cha ndovu begani, akijizoeza kazi ya baba yake. Leo mtoto wa umri huo huo, badala ya pembe, ana tumbaku. Kitalu, kupanda, kuchuma, kufunga majani, kuwasha moto wa mabani usiku: kazi ya tumbaku haimwachi mtu yeyote wa nyumba ile, na msimu wake wa mvua huangukia katikati ya masomo. Mwalimu mkuu anayeona mtoto amesinzia darasani mwezi wa Machi anaweza kufanya moja kati ya mawili. Anaweza kumwamuru asimame nje juani. Anaweza pia kumwuliza alilala saa ngapi, na kisha kumwita baba yake. La pili huchukua muda mrefu zaidi. Nasi hatudai kwamba baba akiitwa tumbaku itakoma, maana deni la pembejeo kwenye chama cha msingi halisubiri. Bali twasema kwamba mtoto aliyeulizwa amejua kuwa kuna mtu mzima anayeona.

Kisha wapo wasichana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Tabora wanawake 58 katika kila mia wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ni Shinyanga tu iliyokuwa juu zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango ukafungwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Tangazo lilitolewa Dodoma, lakini mlango uko Usinge. Msichana huyo akifika asubuhi na sare yake ya zamani inayombana, mtu wa kwanza kumwona ni mwalimu wa zamu, na neno la mwisho ni la mkuu wa shule. Akitajwa mstarini mbele ya wenzake kama mfano wa ubaya, hatarudi siku ya tatu, na hakuna waraka utakaomrudisha. Akipokewa kimya, akapewa dawati, akaelekezwa kwa mwalimu mmoja wa kike wa kumwendea, huenda akamaliza. Tangu miaka ya 2020 na 2022, katika mipango ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, Serikali imeanzisha utaratibu wa Shule Salama, wenye walimu wa malezi na unasihi waliofunzwa. Ni hatua njema. Ila yafaa mkuu wa shule asimpe kazi ya unasihi mwalimu yeyote aliyekosa kazi nyingine. Watoto wanajua nani wa kuambiwa siri, waulizwe.

Sasa tufike kwenye fimbo, kwa kuwa hakuna mazungumzo ya malezi ya shule nchini petu yasiyofika hapo.

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 hazikumpa kila mwalimu fimbo. Zilimpa mwalimu mkuu peke yake, au mwalimu ambaye mkuu amemwandikia kwa mkono wake kumruhusu. Viboko havikutakiwa kuzidi vinne. Adhabu iwe kwa kosa kubwa, ipimwe kwa umri, jinsia na afya ya mtoto. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila mara iandikwe katika kitabu jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Msomaji ajiulize kama shule aliyosoma yeye iliendeshwa hivyo. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili kwa watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema waliwahi kupigwa ngumi, mateke au mijeledi na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Ngumi na mateke hazimo katika kanuni yoyote. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni, na nchi nzima ikashtuka kwa majuma machache.

Wako watakaosema: sisi tulichapwa, na tumekuwa watu. Hoja hii tunaisikia kila mara, hata katika mikutano ya watu wenye elimu. Tunaijibu hivi: waliochapwa wakaacha shule darasa la nne hawamo mkutanoni kutoa ushahidi wao. Wengine watasema Mzungu ndiye anayetukataza fimbo. Nao wakumbushwe kwamba Kenya iliifuta katika shule zake mwaka 2001 kwa amri yake yenyewe. Na wako wenye hoja nzito zaidi, walimu wenyewe, wasemao: tupe njia nyingine, maana tuna watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Hawa hawajibiwi kwa hotuba.

Wanajibiwa na Luwero. Katika wilaya hiyo ya Uganda, kati ya mwaka 2012 na 2014, shule za msingi 42 zilichaguliwa. Nusu yake ziliingizwa katika mpango wa shule njema wa shirika la Raising Voices la Kampala. Nusu ziliendelea kama kawaida. Mpango ule haukuwa semina. Kila shule iliweka walimu wawili na wanafunzi wawili wa kuuongoza, mwalimu mkuu akaubariki, wazazi wakahusishwa, watoto wakapata mahali pa kutoa malalamiko na sauti katika kutunga kanuni za shule, na kazi ikaendelea kwa mwaka mmoja na nusu. Mwishoni, watoto waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika juma lililopita walikuwa 31 kwa mia katika shule zilizoshiriki, na 49 kwa mia katika zile zisizoshiriki. Matokeo ya mitihani hayakuonyesha tofauti. Yaani fimbo ilipopungua masomo hayakushuka. Na shule za Luwero si za kitajiri.

Tena wanajibiwa na Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma, mbele ya reli hii hii. Huko, mwaka 2018 na 2019, ulijaribiwa mpango mwingine katika shule 27. Walimu walikutana katika vikundi vyao kwa majuma machache, wakajifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa bila kupiga. Nia ilikuwa njema na wataalamu walikuwa wazuri. Uchunguzi ulipofanywa, haukuona kwamba kipigo kimepungua. Twapaswa kuwashukuru waliotangaza matokeo hayo, kwa sababu wengi hutangaza yale tu yaliyofaulu.

Kambi na wilaya ni vitu viwili tofauti, na mtu mwangalifu hatalinganisha moja kwa moja. Hata hivyo twaona jambo. Katika Luwero ilibadilishwa shule. Katika Nyarugusu alishughulikiwa mwalimu mmoja mmoja, kisha akarudishwa katika shule ile ile, chini ya desturi ile ile. Mwalimu kijana aliyerudi kutoka semina akiwa na mawazo mapya, akamkuta mkuu wake anatembea na fimbo chini ya kwapa, atadumu kwa muda gani? Na kinyume chake: mkuu akiitundika fimbo, walimu wake, hata wale wagumu, huanza kuona haya. Ndiyo maana hatukuandika leo juu ya walimu kwa jumla. Tumeandika juu ya mkuu.

Mtu mmoja aliyelielewa jambo hili mapema alikuwa James Comer, daktari wa maradhi ya akili wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 1968 aliingia katika shule mbili za msingi za mji wa New Haven, zilizojaa watoto weusi wa nyumba maskini, zenye fujo na matokeo mabaya. Hakuanza kwa kuwapima watoto akili. Alianza kwa kuunda baraza la shule, mwenyekiti wake mwalimu mkuu, ndani yake walimu, wazazi na wafanyakazi wa malezi, na akaweka sharti kwamba katika baraza hilo hakuna kulaumiana, na mkuu hawezi kuwaburuza wengine, wala wengine hawawezi kumfunga mikono. Shule zile zilitulia, na baadaye zikapanda hata katika masomo. Hapa petu chombo cha namna hiyo kipo kwa sheria. Kinaitwa kamati ya shule. Mahali pengi hukutana ili kuchangisha fedha za madawati.

Lakini tutakuwa waonevu tukimtwika mwalimu mkuu mzigo wote huu bila kutazama ni nani anayesimama juu yake. Mnyapara huzaa wanyapara. Februari 2009 Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko na askari kwa sababu wanafunzi wao walifanya vibaya katika mitihani. Rais Kikwete alimwondoa kazini mara moja, na vema. Lakini mawazo yaliyoleta amri ile hayakuondolewa pamoja naye. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kila shule ilipangwa kwa matokeo ya mtihani na kupakwa rangi: kijani, njano au nyekundu. Mkuu wa shule nyekundu alijua anachosubiriwa kufanya. Hakuna rangi iliyotolewa kwa shule iliyomrudisha mama kijana darasani, wala kwa iliyowapatanisha watoto wa wafugaji na wa wakulima baada ya ng'ombe kuingia mahindini. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, likaeleza kwamba kuzishindanisha shule zenye mazingira tofauti hakuna maana. Tuliufurahia uamuzi huo. Ila katika vikao vya wilaya na kata, mkuu wa shule huendelea kuulizwa swali moja tu: asilimia ngapi wamefaulu?

Mkuu huyo hupokea posho ya madaraka, iliyoanzishwa mwaka 2016, ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa wa msingi na 250,000 kwa wa sekondari. Mwaka huo huo elimu ilianza kutolewa bila ada, na walioandikishwa darasa la kwanza nchini wakaruka kutoka kama milioni 1.6 hadi zaidi ya milioni 2. Hatusemi posho ni ndogo au kubwa. Twasema kwamba mtu aliyepokea watoto wengi namna hiyo kwa mwaka mmoja, huku vyumba vikiwa vile vile, alihitaji kuulizwa anaendeleaje yeye mwenyewe. Nani anayemwuliza? Afisa Elimu Kata hufika na fomu. Mdhibiti ubora hufika na fomu nyingine. Mwalimu mkuu wa kijiji cha mbali, aliyemzika mwanafunzi wake aliyezama mtoni, au aliyekwenda polisi kwa ajili ya mtoto aliyeharibiwa na mjomba wake, hurudi nyumbani na jambo hilo moyoni, na asubuhi hupiga kengele. Wanyampara wa zamani walikuwa wengi katika msafara mmoja, wakishauriana kambini jioni. Yeye yuko peke yake. Chama cha Walimu, ambacho husema kwa haki juu ya mishahara na kupandishwa vyeo, kingefanya jambo la maana kuwakutanisha wakuu wa shule wa kata moja, mara moja kwa mwezi, bila fomu na bila mgeni rasmi.

Nao wanachama wetu na wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu, walio wengi wakiwa wazazi, wana sehemu yao, wala haihitaji kusubiri bajeti. Wamo katika kamati za shule. Wamo katika serikali za vijiji. Mabinti na wajomba wa wengine ndio hao walimu. Mkutano wa kamati ukiitwa, ajenda haikosi choo, madawati na chakula cha mchana, nayo ni mambo ya lazima. Mjumbe mmoja na aombe iongezwe ajenda ya nne. Mwalimu mkuu aeleze ni watoto wangapi walioacha kufika tangu mvua zilipoanza, na ni wangapi kati yao waliofuatwa nyumbani. Aeleze kama wapo wasichana waliorudi baada ya kujifungua, na mwalimu gani anawaangalia. Serikali ya wanafunzi ilete malalamiko yake kwa maandishi, nayo yasomwe bila kutafutwa aliyeyaandika.

Mwisho aombwe alete mezani kitabu cha adhabu kilichotajwa katika kanuni za 2002, na barua za kuwaruhusu walimu waliochapa. Wajumbe wakikisome pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu, bila kumvunjia heshima mbele ya walimu wake. Na kama kitabu hakipo, katibu aandike katika muhtasari kwamba hakipo, na tarehe ambayo kitanunuliwa.